Betri Chini ya Kitanda cha Hooyo

Nilikuwa nimelala chali juu ya kitanda kisicho changu, ndani ya nyumba iliyokuwa ikitembea, na chini ya mbavu zangu kitu kizito kilikuwa kikigonga. Gari lilipoingia shimoni kilinyanyuka. Lilipotoka kilirudi chini kwa kishindo, na chuma cha kitanda kikatetemeka mpaka kwenye meno yangu. Macho yalikuwa yananiwasha. Kulikuwa na harufu ya mayai mabovu, nyembamba lakini yenye ukaidi, na nilipogeuza uso ukutani ilinifuata.

"Vipi huko nyuma, Mama Lorine?" Obura aliniita kutoka mbele, alikoketi na Siyad. "Kulala kwa keja, nyumba ya wazungu, ni tamu ama si tamu?"

"Simamisheni," nilisema. Hawakunisikia. Wiki ile nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sauti yangu ilikuwa haifiki mlangoni.

Ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka wa tisini na sita, ile baridi ya Nairobi ambayo jua huonekana kama sarafu iliyofifia na nguo hukaa kambani siku nzima bila kukauka. Gari lenyewe lilikuwa lori kuukuu ambalo Wajerumani wawili walilijengea nyumba mgongoni: kitanda, jiko dogo, beseni la kuoshea vyombo, dirisha lenye pazia. Walitoka nalo kwao hadi kwetu, wakalichoka, wakaliuza, wakarudi kwa ndege. Siyad, mfanyabiashara wa vitambaa vya jumla aliyekuwa akiishi mtaa wa Tena, alilinunua kwa sababu ya mama yake.

Mama yake aliitwa Batulo, lakini pale gereji, kando ya Spine Road kule Kayole, sote tulimwita Hooyo, yaani mama kwa Kisomali, kama watoto wake walivyomwita. Alikuwa mgonjwa wa sukari. Mguu mmoja ulikuwa umeanza kufa kuanzia vidoleni, na sindano zake za kila siku zilihitaji baridi, zikipata joto zinaharibika. Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani: kufika Wajir kwa dada yake mkubwa, ambaye alikuwa kipofu na hangeweza kumjia. Basi la kawaida lingemuua njiani. Kwa hiyo Siyad alimtafutia nyumba yenye magurudumu, na ndani yake friji ndogo ya dawa.

Friji ile haikutumia betri ya injini. Ilikuwa na betri zake mbili, kubwa kama mawe ya kujengea, zilizowasha pia taa na feni. Obura, fundi wa waya kutoka mtaa wa Mowlem, alikuwa ameziweka chini ya kitanda na kuzifunga kwa mpira wa tyubu. Ndivyo kila mtu alivyokuwa akifunga kila kitu Eastlands: mizigo ya baiskeli, milango ya vibanda, magodoro juu ya mikokoteni. Na chini ya kitanda ndipo betri zilipokaa katika nyumba zetu zote ambazo hazikuwa na stima. Betri ya televisheni ililala pale juu ya kipande cha ubao, kwa sababu watu walisema saruji inainyonya moto, ile nguvu yake. Hakuna aliyeona ajabu.

Kazi yangu ilikuwa kushona. Nilikuwa fundi wa viti vya gari, na Siyad alinipa godoro la Hooyo na mapazia. Siku hiyo godoro lilikuwa tayari, na nikaombwa nililalie wakati wanalijaribu gari barabarani, nione kama mgonjwa atastahimili.

*

Tuliporudi gereji nilishuka kitandani, nikaliinua godoro nililolishona mwenyewe. Mpira wa tyubu ulikuwa umevutika kama ulimi. Betri moja ilikuwa imetoka mahali pake. Juu yake, kwenye chuma cha kitanda, palikuwa na vidoa vitatu vyeusi, vipya, vyenye kung'aa katikati. Kila gari liliporuka, kichwa cha betri kilikuwa kimekibusu chuma, na kila busu lilikuwa cheche.

Niliviangalia vidoa vile nikiwa nimepiga magoti. Sikuwa na elimu kubwa. Nilianza masomo ya ngumbaru, ya watu wazima, nikiwa na miaka thelathini na minane, jioni, katika shule ya msingi ambako magoti yangu hayakuingia chini ya dawati. Lakini mwalimu wetu alikuwa ametueleza kwamba betri ikichajiwa hutoa hewa isiyoonekana, na hewa hiyo huwaka. Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika. Nilikuwa nimeshaiona ikiwaka.

Hapo ndipo Habibo alipopanda ngazi. Alikuwa binti wa mwisho wa Hooyo, ndiye ambaye angelala naye humo ndani safari nzima. Mkononi alishika chetezo, na ndani yake makaa mekundu aliyoyaomba kwa mama wa chai.

"Kunanuka," alisema akikunja pua. "Hooyo hawezi kulala kwenye harufu hii. Acha nifukize ubani kidogo."

Sijui niliruka vipi. Nilikinyakua chetezo kwa mkono mtupu, nikamsukuma Habibo kwa bega, tukatoka sote wawili kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Makaa yalimwagika kwenye matope yakalia. Ubani ulimwagika pia. Vidole vyangu viliungua, lakini maumivu yake niliyasikia baadaye.

Habibo alisimama akinitazama, shungi limemteleza. Nyumbani kwao chetezo huwashwa kila jioni baada ya chakula, kwa heshima ya mama na ya wageni. Kumpokonya mtu chetezo ni kama kumpokonya tonge mdomoni.

"Mama Lorine, umeingiwa na nini?" aliniuliza polepole. "Ni ubani tu. Kwani kanisani kwenu ni haramu?"

*

Nilieleza vibaya. Nilianzia katikati, nikachanganya hewa na cheche na mpira na kitanda. Obura alikwenda kutazama, akarudi akipangusa mikono.

"Huo mpira nitaongeza mwingine. Nitaukaza mpaka ulie," alisema. "Lakini usituharibie siku, mama. Kayole nzima betri iko chini ya kitanda, na watu wanazaa watoto juu yake. Umeshasikia mtoto amezaliwa na moto?"

Watu wa gereji walicheka. Hata mimi ningecheka siku nyingine.

"Warya, wewe Obura, nyamaza," Siyad alisema, lakini naye hakuwa upande wangu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Mama Lorine, nisikilize. Msafara wa polisi unaondoka Garissa keshokutwa. Tusipotoka leo mchana tutaukosa, na mwingine ni wiki ijayo. Peke yangu siwezi kupita barabara ile, kuna majambazi. Mama yangu mkubwa ameshaambiwa kwa redio kwamba tunakuja. Daktari hakuniambia Hooyo ana wiki ngapi. Wewe unazo za kumpa?"

Sikuwa nazo. Niligeuka nikamwangalia Hooyo. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta wa mabati, mguu wake mbovu umenyooshwa juu ya tairi, tasbihi mkononi. Alikuwa akituangalia mmoja baada ya mwingine kama mtu anayesubiri watoto wamalize kugombana ndipo aulize.

Nilikwenda nyuma ya gari, nikaegemeza paji la uso kwenye bati baridi, nikaomba. Mimi ni mtu wa maombi, wanaonijua wanajua. Lakini miaka ile maombi yangu yalikuwa yamechakaa kama nguo ya kazi. Nilimwambia Mungu awape macho ya kuona nilichokiona. Nikangoja. Kilichokuja hakikuwa amani wala neno. Lilikuwa jina la mume wangu, na sikulitaka.

*

Bwire alikuwa na kibanda cha kuchajia betri kabla stima haijafika ploti nyingi za upande wetu. Watu walimletea betri za televisheni asubuhi, wakazichukua jioni, wakizibeba kiunoni mpaka nguo zikatoboka kwa asidi. Kila mwanamke wa mtaa ule alikuwa na leso yenye matundu. Alikuwa mtu wa maneno, Bwire. Alijua betri ya nani imechoka na ya nani inasingiziwa.

Siku ile mwaka wa tisini na mbili mvua ilikuwa imefunga anga, kibandani kukawa na giza saa ya mchana. Nilimpelekea chai. Aliondoa vifuniko vya betri moja iliyokuwa ikichemka kwenye chaja, akainama kuona kama maji yake yamekwisha. Hakuona. Akawasha kiberiti amulike. Kila mtu alikuwa akifanya hivyo; hata mimi nilishawahi kummulikia.

Nilikuwa nimegeuka kutafuta mahali pa kuweka kikombe. Ndiyo maana uso wangu ni mzima.

Majirani walimmwagia maziwa usoni, kwa sababu ndicho walichokijua, wakati pipa la maji ya mvua lilikuwa limejaa pale pale mlangoni. Jicho la kushoto liligeuka jeupe kama yai lililochemka, na ngozi ya shavu ikajikunja. Baada ya hapo alipata kazi ya usoja kwenye ghala Industrial Area, kazi ya usiku, ambako hakuna anayemtazama mlinzi usoni. Mchana alilala. Miaka ya kwanza niliomba jicho lile lirudi. Baadaye niliomba arudi yeye mwenyewe, yule mtu wa maneno. Alikuwa akiniambia, "Endelea, Mama Lorine. Labda huko juu wako kwa mkutano."

Nilipofika nyumbani kutoka gereji siku ile ya chetezo nilimkuta amelala na blanketi mpaka kichwani. Nilikaa kitako kando ya kitanda. Alikuwa amerudi kazini alfajiri, na hakuna kitu alichokichukia kama kuamshwa.

"Baba Lorine."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Bado."

Nilimwambia yote. Alisikiliza bila kufunua uso. Nilipofika kwenye chetezo, blanketi liliacha kupanda na kushuka, hata pumzi sikuiona.

"Waambie wewe," alisema. "Una shule sasa."

"Nimewaambia. Wamecheka."

"Basi unataka nini? Niende nikasimame pale kama picha?"

Ndicho hasa nilichokitaka, na hakuna namna nzuri ya kumwomba mtu kitu hicho. Nilikaa. Nje mtoto wa jirani alikuwa akivuta mkebe kwa kamba. Kisha Bwire akaketi, akaanza kutafuta viatu kwa miguu.

*

Aliingia gereji amevaa miwani yake myeusi na kofia aliyoivuta chini. Nyumba ya lori ilikuwa tayari imepakiwa. Obura alikuwa ameongeza mpira kweli, akakaza mpaka ukawa mwembamba kama utumbo wa kuku. Siyad alikuwa anakagua tairi kwa teke. Alituona, akapumua kwa nguvu.

Bwire hakwenda kwa Siyad. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha plastiki, akamwamkia mama mzee shikamoo, akachuchumaa mbele yake kama mtu aliyekuja kuomba mke. Akavua miwani.

Habibo aligeuza uso. Obura, ambaye maneno hayakuwahi kumkosa, alitazama chini. Nilimwona Siyad akiangalia shavu lile, kisha dirisha la gari, kisha shavu tena.

Hooyo peke yake hakugeuka. Aliinama mbele, akamtazama Bwire vizuri, bila haraka, jinsi ambavyo hakuna mtu aliyewahi kumtazama tangu siku ile, hata mimi.

"Ulisikia kwanza, au uliona kwanza?" alimuuliza.

"Sikusikia kitu, Hooyo. Niliona weupe. Kusikia kulikuja nyuma."

"Ni kitu kama hiki kilichoko ndani ya gari?"

"Ile yangu ilikuwa moja, tena ndogo. Na nilikuwa nimesimama, sikuwa nimeilalia."

"Nani alikuwa karibu yako?"

"Huyu." Alininyooshea kidevu. "Alikuwa ameniletea chai."

Hooyo alinigeukia mimi. Halafu alimwita mwanawe kwa Kisomali, maneno machache, na Siyad akajibu mengi, akionyesha jua, akionyesha barabara. Mama alimwacha amalize. Kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani ili sote tusikie:

"Siyad, vitoe hivyo vitu chini yangu. Familia yetu ina kipofu mmoja. Anatosha."

*

Msafara ulituacha. Nasema ulituacha kwa sababu siku zilizofuata sote tulikuwa kama watu wa nyumba moja, na wote tuliukosa.

Betri zilihamishiwa nje. Fundi wa kuchomelea alitengeneza sanduku la chuma ubavuni mwa lori, chini ya ngazi, likafungwa kwenye uti wa gari wenyewe kwa bolti nene. Sakafu yake tuliiwekea ubao, na chini tukatoboa matundu ili hewa itoke na maji ya betri yakimwagika yaende barabarani. Waya ziliingia ndani kupitia tundu lililozibwa vizuri, na karibu kabisa na betri Obura akaweka fyuzi. Alifanya kazi hiyo kimya. Mara moja tu alisema, bila kuninyanyulia macho, "Nyumbani kwangu iko chini ya kitanda cha watoto." Jioni hiyo aliondoka mapema.

Mimi nilishona mikanda. Nilijua pamba haifai, asidi ingeila kama ilivyokula leso zetu. Nilikwenda kwenye magari yaliyokufa nyuma ya gereji, nikakata mikanda ya viti, nikaikunja mara mbili na kuishona kwa uzi wa nailoni upande mmoja, nikafikiri, nikaufumua. Nailoni nayo huliwa. Nilianza upya na uzi ule ule uliokuja na mikanda, niliouvuta kidogo kidogo kwenye mishono ya zamani. Vidole vilivyoungua havikunisaidia. Masomo ya jioni niliyakosa wiki nzima. Sindano za Hooyo zilikaa kwenye friji ya muuza nyama wa Tena, kando ya matumbo, na Habibo alizifuata asubuhi na jioni.

Bwire alikuja siku ya pili bila kuitwa. Alitoka kazini moja kwa moja, akakaa juu ya tairi katikati ya wanaume, akaanza kukata vipande vya mpira wa kufunika vichwa vya betri. Ule ule mpira wa tyubu; kwa kazi hiyo ulifaa. Miwani ilikuwa mfukoni. Watu walimzoea kufikia saa ya chai.

Nilikaa na Hooyo wakati wa mapumziko. Mguu wake ulikuwa umepanda weusi kidogo, na wote tuliuona na hakuna aliyeutaja. Kila siku ya kungoja nilijua nani ameilipa. Aliniona nimefumba macho, akasubiri nifumbue.

"Unamwambia nini Mungu muda wote huo?"

"Siku hizi, Hooyo, namwambia tu: unajua."

Alicheka mpaka tasbihi ikamtoka mkononi. "Na mimi ndicho namwambia," alisema. "Lakini mimi nazunguka mbali kabla ya kufika hapo."

Waliondoka Jumanne iliyofuata, asubuhi, ukungu bado umelala Spine Road. Habibo alinikumbatia. Alisema chetezo atakiwasha nje, chini, mbali, na kwamba kama nataka naweza kuja mwenyewe kumpokonya. Hooyo alikuwa tayari kitandani. Niliona mkono wake dirishani, ukishikilia pazia langu, na Siyad akaingiza gia.

*

Hatukupata habari mpaka Septemba. Siku moja jioni Siyad alibisha hodi kwetu. Alikuwa amekonda, vumbi la kule bado limo kwenye mishono ya viatu. Alikataa kiti, kisha akakikalia.

Baada ya Garissa, alisema, barabara ilikuwa mbovu kuliko alivyoikumbuka. Mahali pamoja lori lilianguka kwenye korongo la mvua kwa tairi la mbele, vyombo vyote vikamwagika, Habibo akapasuka mdomo. Hooyo alirushwa, akarudi juu ya godoro. Hawakusimama, kwa sababu msafara ulikuwa hausimami. Walipofika kituoni ndipo alipofungua sanduku. Betri moja ilikuwa imepasuka ubavu mzima. Maji yake yote yalikuwa yameishia barabarani, na chuma cha chini kilikuwa kimebabuka. Mikanda ilikuwa imezishikilia zote mbili, ile nzima na ile iliyopasuka. Friji iliendelea na ile iliyobaki.

"Alifika," Siyad alisema. "Mama mkubwa alimpapasa uso wote. Walikaa pamoja wiki tano, mpaka siku yake ya mwisho."

Nilitaka kuuliza kuhusu ile wiki ambayo Hooyo aliipoteza kwetu, nikashindwa. Yeye ndiye aliyesema, akiangalia mikono yake, kwamba zingekuwa sita. Akasimama, akampa Bwire mkono, akaushikilia muda.

Alipokwisha kuondoka, Bwire alikaa akitazama mlango.

"Ilipasuka upande gani?" aliniuliza.

"Hakusema."

"Ningependa kujua." Alianza kujiandaa kwenda kazini.

Nilikuwa na somo jioni hiyo. Nilipiga magoti kwanza, kando ya kitanda, nimshukuru Mungu kwa wiki tano na nimuulize ile ya sita. Niliweka kichwa juu ya mikono. Nakumbuka nilisema jina la Batulo, na nakumbuka saruji ilikuwa baridi magotini. Sikufika mbali.

Nilipozinduka taa ilikuwa imeteremshwa utambi, na mlango umefungwa kwa nje taratibu, sikuusikia. Bwire alikuwa ameshakwenda. Mabegani nilikuwa na koti lake la kazi, lile zito la usoja, na nje baridi ya kwetu ilikuwa imeanza kushuka.